Maduara Mekundu Kwenye Daftari la Asali

Msimu uliopita, mwezi wa Julai, ndoo 34 za asali zilirudi Sikonge, mkoani Tabora, zikiwa na lakiri zilezile zilizoondoka nazo. Ndoo ya lita 20 ikijaa asali hukaribia kilo 28, kwa hiyo ilikuwa karibu tani nzima iliyosafiri hadi Dar es Salaam na kurudi. Nilikuwepo zinaposhushwa. Vijana walizipanga kando ya ukuta wa stoo bila kuongea, na wanachama wachache waliokuja kuulizia malipo wakasimama mlangoni wakitazama. Mnunuzi alikuwa ameandika sababu kwa mstari mmoja: sampuli imekutwa na mabaki ya dawa ya wadudu inayotumika kwenye tumbaku.

Kosa lililozirudisha lilifanyika kwenye kompyuta yangu mwezi wa Aprili, nilipokuwa nikihamisha majina ya wanachama kutoka kwenye daftari kwenda kwenye jedwali. Nakiandika kisa hiki kwa ruhusa ya bodi ya chama na ya familia ya Katibu. Jina la chama sitalitaja, wala la mtu. Nimevipitia vyama kadhaa vya Tabora na Kigoma, na vingi vimekaa palepale tulipokuwa tumekaa sisi.

Muulize Katibu

Chama ni cha wafuga nyuki, wanachama 86 katika vijiji vinne. Katibu wake alikitumikia kwa miaka 17. Yeye ndiye aliyejua manzuki ya kila mtu, yaani mahali anapoweka mizinga, iko wapi, nani hutia moshi mwingi wakati wa kurina mpaka asali inanuka, mnunuzi yupi hulipa siku hiyohiyo na yupi ni wa kukumbushwa mara tatu, njia ipi hupitika mvua zikichanganya. Mambo hayo yalikuwa kichwani mwake, kwenye simu yake, na kwenye kaunta buku nne alizozivalisha karatasi ya kaki. Ukimuuliza mwanachama yeyote jambo la chama, jibu lilikuwa moja: "Muulize Katibu." Na Katibu alijibu, kila mara, kwa miaka yote hiyo. Kwa kuwa hakuwahi kukosa jibu, hakuna aliyeona haja ya kumwomba aliandike.

Mwezi wa Februari akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na maneno yakamtoka. Anasikia, anaelewa, anamtambua kila mtu, lakini ulimi haumtii na mkono aliokuwa akiandikia hauinuki.

Mimi nilisomea utunzaji wa kumbukumbu Tabora mjini, pale ambapo wenyeji bado wanapaita Chuo cha Uhazili ingawa siku hizi ni kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma. Bodi iliponiomba nije "kuweka mambo kwenye kompyuta" kabla msimu wa kurina haujaanza, nilikubali siku ileile. Nilidhani kazi ni ya kunakili.

Ukurasa wenyewe

Kila ukurasa wa daftari la wanachama ulipigwa mistari kwa rula: jina, kijiji, mizinga ya magome mingapi, mizinga ya masanduku mingapi, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), namba ya simu, dole gumba. Mwandiko wa Katibu ni ule wa shule za zamani, herufi zimeinama kidogo kulia na zimeshikana. Pembeni kushoto, nje ya mstari wa jina, baadhi ya wanachama walikuwa na duara dogo jekundu la kalamu ya bik. Maduara mengine yalikatwa kwa mstari wa bluu. Niliyahesabu yote: 22.

Nikamwendea Mwenyekiti. Akavaa miwani, akatazama, akasema, "Hayo ni mambo ya Katibu mwenyewe. Labda ni madeni." Mtunza stoo akadhani ni waliomaliza kulipa hisa. Mama mmoja mjumbe wa bodi akasema anavyokumbuka yeye ni waliohudhuria semina ya afisa nyuki.

Watu watatu waliokaa na daftari lile miaka yote, na kila mmoja ana jibu lake. Hapo ndipo nilipopaswa kusimama. Lakini jedwali langu halikuwa na safu ya alama, nami nilitaka jedwali safi, kwa hiyo nikachukulia kwamba alama isiyojulikana maana haina kazi. Nikaingiza majina 86 bila duara hata moja. Chuoni tulifundishwa kwamba kilicho pembeni mwa waraka ni sehemu ya waraka: dokezo la penseli, muhuri uliofifia, hata kona iliyokunjwa kwa makusudi. Nililijua hilo vizuri na sikulitenda.

Juni asali ikaanza kuingia. Mtunza stoo alikuwa na orodha yangu mpya, imechapwa, imebandikwa ukutani ndani ya plastiki. Alipima unyevu kwa refraktomita, akahakikisha hauzidi asilimia 20, ambayo ndiyo kikomo cha jumla cha Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, kwa asali, akapima uzito, akaandika, akamimina kwenye tangi la kutulizia. Hakuruka hatua hata moja ya zile zilizoandikwa. Nasema hivi kwa sababu kwenye kikao cha kwanza baada ya ndoo kurudi kuna waliotaka afukuzwe, na haikuwa haki.

Barazani kwa mzee

Siku tatu baadaye tulikwenda nyumbani kwa Katibu, Mwenyekiti, mtunza stoo na mimi. Mkewe alitupokea uani. "Karibu shemeji," akamwambia Mwenyekiti, "mwenzio leo kaamka vizuri." Kisha akatuvuta pembeni na kutuomba tusimwambie habari ya ndoo, maana angelia, na akilia hupandwa na presha. Tukakubali. Mzee alikuwa kwenye kiti cha kamba, mkono wa kulia umewekwa juu ya mto. Nilipomwamkia shikamoo aliinua wa kushoto.

Nikamfungulia daftari mapajani na kuweka kidole kwenye duara la kwanza. Tulikuwa tumepanga kuuliza maswali ya ndiyo na hapana tu. Ni deni, mzee? Akatikisa kichwa. Ni hisa? Akatikisa. Ni semina? Akafumba macho, kama mtu aliyechoka kusubiri. Halafu akanyoosha mkono kuelekea ukuta wa jiko. Mkewe akaanza kutaja kilichokuwa pale, kimoja kimoja: "Jembe? Ungo? Ngazi?" Kila kimoja akakataa, mpaka jicho la mama likafika kwenye bomba la kupulizia dawa, lile la kubeba mgongoni, limetundikwa kwenye msumari.

Mtunza stoo ndiye aliyeelewa kwanza. "Mizinga iliyo kando ya mashamba ya tumbaku," akasema kwa sauti ya chini.

Katibu akaweka kiganja chake juu ya ukurasa na kukiacha hapo.

Tulikaa saa mbili, tukiuliza na yeye akijibu kwa kichwa. Duara halikuwa adhabu wala deni. Lilikuwa na maana ya *uliza kwanza*. Mwanachama mwenye duara ana mizinga msituni na mingine karibu na tumbaku. Asali ya msituni ipokelewe, ile nyingine asiichanganye. Mstari wa bluu ulimaanisha kwamba mizinga ile ya karibu ameshaihamisha. Kwa hiyo kila Juni Katibu alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa stoo, na mwenye duara akifika alimuuliza, bila kumwaibisha mbele ya wenzake, "Hii umeitoa upande gani?" Watu walijibu kweli kwa sababu alikuwa yeye, na kwa sababu aliujua kila mti uliobeba mzinga.

Sikonge na Urambo ni nchi ya tumbaku na ya asali, na mara nyingi nyumba moja ina vyote viwili. Nyuki huruka kilomita 3 kutoka kwenye mzinga, na chakula kikiwa haba huenda mbali zaidi. Mpaka wa shamba la jirani haumzuii. Baadhi ya dawa zinazopigwa kwenye tumbaku ni za kundi la neonikotinoidi, ambazo husambaa ndani ya mmea mzima na kushambulia mishipa ya fahamu ya mdudu. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku dawa tatu za kundi hilo zisitumike mashamba ya wazi, na sababu iliyotolewa ilikuwa nyuki. Anayetaka kuuza asali huko anajua itapimwa. Katibu hakuyapata haya kitabuni. Mkewe alitusimulia kwamba kuna mwaka alirudi jioni ameshika kofia kwa mikono miwili, na ndani ya kofia mlikuwa na nyuki waliokufa aliowaokota chini ya mzinga wake mwenyewe. Wiki ile ndiyo aliyonunua kalamu nyekundu.

Tulipoteza nini hasa

Bodi ilipokaa kutafuta dawa, hoja iliyopata mikono mingi ilikuwa kununua kompyuta nyingine na diski ya kuhifadhia nakala. Nilisimama kuipinga. Majina 86 hayakupotea hata sekunde moja. Yalikuwapo daftarini, kwenye kompyuta, kwenye flashi na ukutani. Tungekuwa na nakala kumi za orodha yangu, tungekuwa na nakala kumi za kosa lilelile. Kilichokuwa kimeondoka ni sababu ya duara, na sababu hiyo haikuwahi kukaa mahali pengine zaidi ya kichwa cha mtu mmoja.

Hili ndilo nataka msomaji alishike kutoka kwenye kisa chote. Tunapozungumzia kulinda taarifa za chama, mawazo hukimbilia wezi, virusi na kompyuta kuungua. Vipo, na nitavigusa. Lakini chama hiki kilidhurika kwa taarifa iliyokuwa salama kabisa huku maana yake haipo. Na maana haiibiwi. Huondoka kimya na mwenye nayo, akistaafu, akihama, akiugua. Unaweza kukaa miezi mitatu bila kujua kwamba imeondoka, maana orodha inasomeka kama kawaida.

Jambo la pili ni la umiliki, na binafsi linaniuma kuliko ndoo. Barua pepe ya chama ilifunguliwa kwa jina la Katibu. Neno la siri hakuna mwingine aliyelijua, na ili kulibadilisha lazima ujumbe wenye tarakimu uingie kwenye laini yake ya simu. Simu ilipotea siku alipoanguka njiani. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho chake cha taifa na alama za vidole vyake, kama sheria inavyotaka, kwa hiyo hakuna mtu mwingine angeweza kuirudisha. Mwezi wa Aprili mzee yule, upande mmoja wa mwili umelala, alibebwa na wanawe wawili hadi kwenye bajaji, akapelekwa kwa wakala, akashikwa mkono wa kushoto na kuwekewa kidole kwenye mashine, ili chama kiweze kufungua barua zake. Laini ilirudi. Mazungumzo ya WhatsApp yenye picha za stakabadhi za miaka miwili hayakurudi. Yalikaa ndani ya simu na hayakuwa na nakala popote. Kama mzee angefariki siku ile, hata kidole tusingekuwa nacho. Chama hakikuwa kimemkabidhi Katibu mali zake. Kilikuwa kimezichanganya na mwili wake.

Picha kwenye kundi

Mambo yakaharibika zaidi kabla hayajatengenea. Jioni ya siku tuliyotoka kwa Katibu, mjumbe mmoja wa bodi, kwa nia njema ya kueleza kilichotokea, alipiga picha kurasa mbili za daftari na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp la chama. Kundi lina watu zaidi ya wanachama: madalali, jamaa walioko Dar es Salaam, vijana wa bodaboda wanaosafirisha ndoo. Kwenye picha zile yalikuwapo majina, namba za NIDA, namba za simu, alama za dole gumba, na sasa, maduara ambayo kila mtu alishaambiwa maana yake.

Kesho yake mama mmoja mwenye duara aliitwa "mwenye asali ya sumu" kisimani. Duara lake lilikuwa limekatwa bluu. Alihamisha mizinga yote zamani. Wiki iliyofuata wanachama wawili walipigiwa simu na matapeli waliowataja majina yao kamili. Hatukuweza kuthibitisha kwamba waliyapata kwenye picha, na sitadai hivyo.

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Wengi hudhani ni sheria ya benki na kampuni za simu. Chama cha wafuga nyuki kinachokusanya namba za vitambulisho na dole gumba nacho kinakusanya taarifa binafsi. Sheria inataka zikusanywe kwa kusudi linaloeleweka, zisizidi kusudi hilo, ziwe sahihi na zilindwe. Nilipoisoma kwenye kikao swali likatujia lenyewe: namba ya NIDA inafanya nini kwenye ukurasa ambao mtunza stoo anaufungua kila siku kupokea asali? Hakuna aliyejua. Iliwekwa kwa sababu nafasi ilikuwapo.

Tulichobadilisha

Daftari moja limekuwa mawili. La utambulisho, lenye NIDA na dole gumba, limefungiwa kwenye kabati la mtunza hazina, na kila anayelifungua anasaini tarehe na sababu. La mapokezi lina jina, namba ya uanachama, mizinga na alama. Ramani ya manzuki haitumwi kwa simu kabisa, maana kuna wezi wa mizinga.

Kurasa mbili za kwanza za daftari la mapokezi tumeziita Ufunguo. Kila alama imeandikwa hapo: inaonekanaje, ina maana gani, nani aliianzisha, mwenye duara akifika aulizwe nini. Hakuna ruhusa ya kuweka alama mpya kabla haijaandikwa kwenye Ufunguo. Safu ya mwisho ya kila mstari inaitwa Kwa nini, na ndiyo iliyotugharimu ubishi mrefu kuliko zote, kwa sababu kuandika sababu kunachukua muda na foleni ya watu inasubiri juani. Mtunza stoo ndiye aliyeitetea.

Asali sasa haimiminwi yote kwenye tangi moja. Inakwenda kwa mafungu, na kila fungu lina namba inayokuonyesha ni ndoo za nani. Likikataliwa moja, hayarudi yote.

Barua pepe ni ya chama, laini ni ya chama, na neno la siri limo kwenye bahasha iliyofungwa kwa Mwenyekiti, nyingine kwa mtunza hazina. Nakala za jedwali ni tatu: kwenye kompyuta, kwenye diski, na flashi moja inayokaa Tabora mjini. Kila mwisho wa mwezi flashi hiyo inafunguliwa mbele ya watu wawili na jina moja linatafutwa humo. Tulianza utaratibu huo baada ya kuchomeka flashi ya zamani ya chama na kukuta mafolda yote yapo kwa majina, lakini ukibofya hayafunguki. Virusi vilikuwa vimeyaficha mafaili na kuacha viunganishi vitupu. Tuliyaokoa. Yalikuwa yamekaa hivyo zaidi ya mwaka.

Na kazi ya mapokezi inafanywa na wawili wawili, mmoja mzoefu na mmoja anayejifunza. Hili nililiiga kwa majirani zetu wa Kigoma. Pale kwenye hifadhi ya Gombe, ambako mtafiti Jane Goodall alianza kuwafuatilia sokwe mwaka 1960, watafiti wasaidizi Watanzania ndio walioendeleza kumbukumbu za kila siku, maelezo wakiyaandika kwa Kiswahili. Mei 1975 vijana wanne wa kigeni waliokuwa wakifanya utafiti pale walipotekwa na waasi waliovuka Ziwa Tanganyika, na wageni wakaondoka, rekodi hazikukatika, kwa sababu ujuzi wa kuzijaza ulikuwa umeshaenea kwa wanaume wa vijiji vya jirani. Mwaka 2009 kumbukumbu hizo za nani kazaliwa lini na kafa lini, zikiunganishwa na vipimo vya maabara, ndizo zilizoonyesha kwamba sokwe wenye virusi jamaa ya VVU walikuwa katika hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi ya wenzao. Vipimo bila daftari visingetosha. Tulipokuwa tukibishana kama ni haki kumlipa mtu wa pili mlangoni mwa stoo, nilisimulia habari hiyo, na ubishi ukaisha.

Bodi ilimwomba radhi mama yule kwenye mkutano mkuu, kwa kusimama, na mjumbe aliyetuma picha ndiye aliyezungumza. Mimi nami nilieleza mbele ya wote kilichotokea mwezi wa Aprili.

Kati ya maduara 22, Katibu alituthibitishia 19. Matatu alipoyafikia alisita, akatazama jina, akatazama bomba ukutani, akatikisa kichwa, kisha akashindwa kutuonyesha ni nini. Tumerudi kwake mara mbili na bado. Wenyewe tumewauliza, hawajui kwamba waliwahi kuwekewa alama. Kwenye Ufunguo tumeyachora vilevile, kwa wino mwekundu, na mbele yake pameandikwa: *Yamewekwa na Katibu. Maana haijapatikana. Asali ya wanachama hawa ipokelewe peke yake.* Mtunza stoo ametenga ndoo za rangi ya bluu kwa ajili yao.